Sahihi ya Pili

Afande hakuwahi kumwambia mtu kwamba amekosea. Alikukabidhi spana, akasimama pembeni na mikono nyuma, akasubiri. Dakika tano zikipita hujaliona kosa lako, alianza kupiga mluzi nyimbo za kanisani. Zikipita kumi, alikwenda kunywa chai na kukuacha na aibu yako. Mwaka wangu wa kwanza karakanani nilisikia nyimbo za misa nyingi kuliko nilizosikia utotoni mwangu wote, na mimi ni mtoto wa mama Mkatoliki na baba Mwislamu, nimelelewa katika kambi ya polisi upande wa Ntinda, ambako Ijumaa na Jumapili zote zilikuwa zetu.

Jina alikuwa nalo, lakini silitaji hapa, na kule karakanani pia hakuna aliyelitaja. Alikuwa Afande kwa mafundi, Afande kwa marubani, Afande hata kwa mama aliyetuletea ndizi na maharage mchana. Alikuwa ametengeneza ndege jeshini, akastaafu, kisha akaja kutengeneza ndege ndogo za raia kwenye uwanja wetu, nje kidogo ya Kampala, upande wa ziwa. Habari za kwao na ukoo wake sikuwahi kumuuliza. Mwenyewe alisema, "Mutu anaanza siku anashika spana. Ile ya nyuma ni hadithi ya nyanya yake."

Niseme mapema ili msomaji asije akadhani namsifu marehemu. Hajafa. Na mimi nimekaa miaka sita nikimchukia, baada ya kukaa miaka saba nikimheshimu kuliko mtu yeyote wa ukoo wangu. Kilichotugombanisha ni pini moja, ndogo kuliko kijiti cha kiberiti, iliyotakiwa kuwa kwenye mguu wa kushoto wa ndege ya zamani na haikuwepo. Yeye hakuiweka. Mimi nilitia sahihi kwamba nimeiona.

Tuanze na mikono yake. Ilikuwa mikubwa, yenye makovu ya moto na ya chuma, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi ajabu. Aliweza kuingiza mkono mzima ndani ya tumbo la ndege, mahali ambapo hakuna taa inayofika, akafungua nati tatu na kuzitoa moja moja huku anakuhadithia habari za mechi ya jana. Alipita juu ya kila bolti na kidole gumba, pole pole, kama mama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Sisi tuliona ule ndio ufundi wenyewe. Wengine walianza kumwiga, wakapitisha vidole bila kujua wanatafuta nini, na yeye akawacheka.

Ovaroli yake ilipigwa pasi kila siku. Sijui fundi mwingine yeyote ambaye ovaroli yake ilikuwa na mstari mguuni. Mke wake alikuwa Mwislamu, na Ijumaa alipokwenda kuswali Kibuli, Afande aliomba ruhusa ya saa mbili, akampeleka kwa boda boda na kumsubiri ng'ambo ya barabara, ameshika mkoba wake wa kike bila haya. Tulimtania kwamba atasilimu tu. Akasema, "Mungu yake ananijua. Tunasalimiana kwa mbali." Mtu aliyeweza kushika mkoba wa mke wake mbele ya umati mzima wa Kibuli hakuwa mtu wa majivuno, ungefikiri. Mimi pia nilifikiri hivyo.

Ukutani alikuwa na ubao mkubwa wa vifaa. Kila kifaa kilichorwa umbo lake kwa rangi nyeupe, ili kikiondoka pengo lionekane. Jioni hakuna aliyetoka kabla Afande hajasimama mbele ya ubao na kuona mapengo yote yamejaa. Siku moja bisibisi ndogo ilikosekana. Tulifungua ndege mbili tulizokuwa tumeshazifunga, tukatambaa chini, tukamwaga hata takataka. Ikapatikana katika mfuko wa kifuani wa ovaroli yake mwenyewe. Aliitoa, akaitundika, akasema, "Kale," yaani haya basi. "Twende nyumbani." Hakuomba radhi, na hakuna aliyethubutu kucheka mpaka tulipovuka geti. Hapo tulicheka mpaka machozi. Leo nikiikumbuka siku ile sicheki.

Alinifundisha kila ninachokijua, na hilo siwezi kumnyang'anya. Alinifundisha kunusa mafuta ya injini, kusikiliza waya unavyolia ukivutwa, kumwaga petroli kidogo kwenye chupa ya jamu na kuangalia kama kuna maji chini. Kila mchana alinikalisha juu ya kreti na kunipa kitabu cha maelekezo cha ndege nimsomee kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa. Alisema ni ili nizoee Kiingereza cha kazi. Nikikosea neno alinirekebisha bila kuangalia kitabu. Nilijiona mwanafunzi mwenye bahati, mwanamke pekee kati ya wanaume kumi na wawili, tena ninayesomeshwa na mkubwa wao. Akinifurahia aliniita binti. Akinikasirikia aliniita madamu fundi.

Sasa lazima nieleze sahihi ya pili, kwa sababu bila hiyo hakuna kesi. Ndege ikitengenezwa mahali pa hatari, usukani, breki, miguu ya kutulia, fundi aliyefanya kazi anatia sahihi kwenye kitabu cha ndege. Kisha fundi mwingine, ambaye hakugusa kazi ile, anakuja na macho yake mwenyewe, anaangalia kila kitu upya, naye anatia sahihi chini yake. Ndiyo sheria. Afande aliihubiri sheria hiyo kila Jumatatu asubuhi. "Hapana weka sahihi kwa kitu hujaona," alisema, akipiga kitabu kwa kiganja. "Hata kama ni kazi ya baba yako."

Ila kazi ya Afande ilikuwa kitu kingine.

Mwaka wangu wa pili alifunga waya za usukani wa ndege moja, akaniita niangalie. Mimi nikaangalia kweli. Nililala chini, nikamulika na tochi, nikaona mahali pamoja waya mwembamba wa kuzuia kifungo kisilegee haupo. Nikasema kwa furaha kabisa, mbele ya marubani wawili, "Afande, hapa hakuna waya."

Akaja, akainama, akapitisha kidole. Akauweka waya. Akasema, "Asante, madamu fundi."

Wiki nzima baada ya hapo hakunisalimia. Nilitumwa kuosha magurudumu ya kila ndege iliyotua. Saa ya chai aligeukia ukuta. Saa ya kusoma kitabu alimwita mwingine, na mwingine huyo alisoma vibaya mpaka nikamhurumia. Wenzangu, karibu wote wastaafu wa jeshi na polisi, waliniuliza nilikuwa na wazimu gani. "Umekagua Afande?" mmoja aliniambia. "Wewe unaweza kusimamisha jenerali barabarani, unamwambia lete kitambulisho?" Siku ya nane Afande akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyenuna, "Leo unaongea?"

Nikajifunza. Hakuna aliyetoa amri. Hakuna karatasi popote iliyoandikwa hivyo. Lakini tangu siku ile nilikagua kazi ya Afande kama wenzangu wote walivyoikagua: kwa masikio. Alitoka chini ya ndege, akafuta mikono, akasema, "Iko sawa." Wewe ukajibu, "Ndiyo, Afande," na kalamu tayari iko mkononi. Kuinama na kuangalia baada ya yeye kusema iko sawa kungekuwa kumwambia mbele za watu kwamba ni mwongo. Kwetu mtu haaibishwi hivyo, hasa mtu mzima, hasa aliyekufundisha. Kazi za kila mtu mwingine nilizikagua mpaka wakanichukia.

Ndege ya kesi ilikuwa ya njano, kuukuu kuliko mimi, ya mfanyabiashara mmoja wa mjini aliyeipenda kuliko magari yake yote. Aliirusha mwenyewe Jumapili, akazunguka juu ya ziwa, akarudi akiwa na furaha ya kitoto. Ilikuwa na viti viwili tu, na miguu yake ilikunjwa tumboni kwa kuzungusha mkono wa chuma pembeni mwa kiti. Kila mguu ulikuwa na kufuli, kipande cha chuma kinachoukaza usikunjike ndege ikigusa ardhi. Kufuli hilo lilishikwa na bolti moja, bolti ilishikwa na nati, na nati ilishikwa na ile pini. Pini inapita katikati ya nati na bolti, unazikunja ncha zake, na hapo nati hata itetemeshwe mwaka mzima haiwezi kujifungua. Bila pini itashika vizuri tu leo. Itashika na kesho. Kila safari itajifungua kidogo.

Afande ndiye peke yake aliyeigusa ndege ile. Vipuri vyake havipatikani tena, kwa hiyo vingine alivichonga mwenyewe, na aliongea nayo kama unavyoongea na ng'ombe mgonjwa. Alibadilisha bolti za kufuli zote mbili, tukaipandisha ndege juu ya jeki, tukakunja na kukunjua miguu mara nyingi, ikafanya kazi bila tatizo. Akasema iko sawa. Nikasema ndiyo, Afande. Nikaweka sahihi yangu chini ya yake, nzuri, yenye mkia.

Jumapili chache baadaye nilikuwa zamu. Niliiona ikija, ya njano, jua la saa tisa likiipiga ubavuni. Miguu yote miwili ilikuwa chini. Iligusa lami vizuri, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, na ule wa kushoto ukakunjika taratibu, kama mtu aliyechoka anapiga goti. Bawa likagusa chini, likatoa kelele ambayo hata sasa nikisikia mtu anaburuta meza ya chuma naacha ninachokifanya. Ndege ikazunguka, ikatoka barabarani, ikaishia kwenye matete ya bwawa. Tulimtoa mwenye ndege akiwa hai. Nyonga yake ilivunjika, na leo anatembea na fimbo. Watu walisema tushukuru Mungu hakuna aliyekufa. Nilishukuru. Kisha nikaenda kwenye barabara ya kutulia na kuokota nati, nikaigeuza geuza kiganjani, na tundu lake la pini lilikuwa safi, halijawahi kuingizwa kitu.

Kamati ya uchunguzi ilikuwa na watu watatu na mezani kulikuwa na chupa za maji. Afande alikuja na suti ya kahawia. Walimuuliza kuhusu pini, akajibu kwamba aliisahau, na kwamba kosa la kusahau ni lake. Alisema kwa heshima, ameketi wima, na mimi moyoni nikasema huyu ndiye mwanaume. Kisha wakamuuliza kuhusu sahihi ya pili. Akaniangalia, au aligeuza uso upande wangu. Akasema, "Huyu hakuangalia. Mimi nilimufundisha kuangalia. Alitia sahihi bila kuona."

Kila neno lilikuwa kweli. Ningependa kusema alidanganya, ingenirahisishia maisha.

Mwenyekiti akaniuliza, "Uliangalia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Ningeeleza wiki ile ya ukimya, ningeeleza chai ya kugeukia ukuta, ningeeleza kwamba hakuna hata mmoja wetu kumi na watatu aliyekuwa anaikagua kazi yake. Nilimtazama, mzee wa watu na suti yake, mbele ya wageni. Nikasema, "Sijui."

Yeye alikuwa amefika umri wa kupumzika, akapumzika. Mimi nilinyang'anywa leseni nikiwa na miaka thelathini na mbili. Nilipata kazi ya kutengeneza majenereta Ntinda, nyuma ya supamaketi, moshi usoni kutwa, na kila ndege ndogo ikipita juu niliitambua kwa mlio wake na sikuinua kichwa. Mama yangu aliwaambia majirani kambini kwamba bado niko kwenye ndege. Afande hakunipigia simu hata siku moja. Wenzangu walisema ana aibu. Mimi nilijua hana. Yeye alikuwa amesema ukweli na kurudi nyumbani kula.

Miaka sita ilipokwisha niliruhusiwa kuomba leseni upya. Ofisi ya leseni ilitaka vitu viwili: mtihani, nikaufanya na kuufaulu, na barua ya aliyekuwa msimamizi wangu, ikieleza kwa nini ukaguzi haukufanyika na kama kosa linaweza kurudi. Kwetu barua kama hiyo humwombi mkubwa akuandikie. Unaiandika mwenyewe, unaichapa vizuri, unampelekea aweke sahihi. Nikaiandika. Ilikuwa na aya tatu za kawaida, bidii yangu, nidhamu yangu, majuto yangu. Katikati niliweka sentensi moja: "Katika karakana yetu mafundi wadogo hawakukagua kazi yangu, na desturi hiyo niliiweka mimi."

Leseni ningeweza kuipata bila sentensi hiyo, labda. Lakini sikwenda nyumbani kwake Kyebando kwa ajili ya leseni peke yake. Nilitaka mtu yule aseme mara moja kwamba sikuzaliwa mzembe.

Binti yake wa mwisho alinipokea uani, anaanika nguo. Mama yao alikuwa ameshafariki, sikuwa nimepata habari, na nilisimama pale nikitafuta maneno ya pole. Akaniambia, "Mzee iko ndani. Usisahau kusema jina lako, tafadhali bambi, haoni kabisa sasa."

Nikamuuliza tangu lini.

"Kutoona kabisa, miaka mitatu. Lakini macho ilianza zamani, akiwa bado kwa kazi. Daktari alimuambia ni presha ya macho. Alikariri ile herufi ya ukutani, ile ya kupima, akapita." Akacheka kidogo, kama anayesimulia ujanja wa mtoto. "Mama ndiye alikuwa anamusomea gazeti."

Nilibaki nimeshika kamba ya nguo. Kitabu cha maelekezo juu ya kreti. Kidole gumba juu ya kila bolti. Uso uliogeuka upande wangu mbele ya kamati. Alikuwa haoni, alijua haoni, na alisimama mbele ya watu watatu akasema mimi ndiye sikuangalia. Nimewahi kukasirika maishani, lakini hasira ile ilikuja baridi, nikaingia nayo ndani nikiwa mpole kabisa.

Alikuwa ameketi kwenye kochi, shati limepigwa pasi, sijui na nani. Alinitambua kabla sijamaliza salamu. "Binti!" akasema, na akanyoosha mikono yote miwili. Nikampa yangu. Alinishika vidole, akapitisha kidole chake gumba kwenye sugu zangu. "Hii ni jenereta," akasema. "Jenereta inakula mukono."

Tuliongea habari za mke wake. Alilia kidogo, bila kuficha. Kisha nikamwambia kilichonileta, akafurahi, akasema soma.

Nilimsomea barua nzima. Ile sentensi pia niliisoma, kwa sauti ileile. Akainua kidole.

"Hiyo hapana. Hiyo si kweli."

"Ni kweli, Afande."

"Mimi kila Jumatatu nilisema nini?"

"Ulisema tuangalie. Nilipoangalia, hukunisalimia wiki nzima. Ule waya wa usukani, mwaka wangu wa pili."

Alifikiri. Nilimtazama anavyofikiri, na alifikiri kwa kweli, kwa uaminifu, kichwa kimeinama. "Waya gani?" akasema. "Wiki gani, binti? Mimi sikumbuki kitu kama hiyo."

Hakuwa anadanganya. Wiki iliyonifunga macho yangu kwa miaka mitano, yeye aliipitia kama wiki nyingine yoyote.

"Na pini," nikasema. "Siku ile ya pini ulikuwa unaona?"

Uani binti yake alikuwa anakung'uta shuka. "Nani amekuambia?" akauliza, akageuza uso kuelekea uani. "Vidole yangu ilikuwa inatosha," akasema mwishowe. "Miaka mingi ilitosha. Siku moja tu ilikataa. Na wewe ulikuwa na macho mbili nzima."

"Kwa nini hukuniambia niwe macho yako? Ningelala chini ya ile ndege siku nzima."

"Mimi nimwambie mwanafunzi yangu sioni?" Alisema kwa mshangao kabisa, kama nimemuuliza kwa nini hakwenda kazini uchi. Kisha akawa mpole. "Sikiliza. Toa hiyo maneno, hiyo moja. Hiyo ingine yote ni nzuri. Toa, mimi naweka sahihi sasa hivi. Nataka urudi kwa ndege. Kweli nataka."

Na alitaka kweli, hilo ndilo linalonichoma. Uso wake wote ulikuwa unanitakia mema.

Nikatoa kalamu. Barua ilikuwa pajani, juu ya bahasha ya kaki. Niliisogeza barua pembeni, nikachora mstari kwenye bahasha, mrefu, nikikandamiza mpaka karatasi ikalia. Yeye alikuwa ameinamisha sikio.

"Imetoka?"

"Imetoka, Afande."

Alinyoosha mkono kuelekea pajani kwangu, kidole gumba mbele. Angeigusa karatasi angejua. Lakini mkono ulisimama njiani, ukarudi polepole gotini kwake, na nilijua kwa nini umerudi. Kuikagua kazi ya mtu mbele yake ni kumwaibisha, na nilikuwa mgeni wake. Nikamwongoza kidole mpaka mwisho wa ukurasa, nikamwekea kalamu. Aliandika jina lake bila kuyumba, herufi zote zimesimama sawa kama zamani.

Nilimsomea tena, safari hii bila ile sentensi. Akasema, "Safi." Akamwambia binti yake anipe chai, na niliinywa yote, pamoja na mihogo.

Leseni ilirudi baada ya miezi miwili. Ilikuja na barua ya ukurasa mmoja. Kamati ilisema imezingatia ungamo la msimamizi wa zamani, ambaye kwa hiari yake amekubali kwamba ndiye aliyewazuia mafundi wadogo kukagua kazi yake. Ilisema ungamo hilo litawekwa kwenye faili la ajali, karibu na jina lake, na kwamba kosa lililoandikwa kwangu limepunguzwa. Nilikuwa nimeisubiri sentensi hiyo kwa miaka sita. Niliisoma nikiwa nimesimama kati ya majenereta mawili yaliyofunguliwa, nikaikunja, nikanawa mikono. Furaha niliyoitegemea haikuja, nikaingoja mpaka nikachoka.

Wiki iliyofuata simu ililia, ilikuwa namba ya binti yake, na sauti ikawa ya mzee. Mtu wa uwanjani alikuwa amempa habari.

"Binti! Nimesikia. Hongera sana. Ile barua ilisaidia?"

"Ilisaidia, Afande."

"Nilijua. Mimi nilikuambia hiyo maneno ingine hapana faida. Ile watu ya kamati si watu mbaya. Umekubali kosa yako vizuri, hujamwekea mutu mwingine, na wao wamekusamehe. Umeona?"

Nikamwambia ndiyo, nimeona, wamenisamehe.